Umugogo wa Rujugira: Mfalme Aliyekawia Kuzikwa

Richard Kandt alipoweka makao ya utawala wa Kijerumani juu ya kilima cha Nyarugenge mwaka 1907, na kwa tendo hilo kuuasisi mji wetu wa Kigali, alikuwapo mfalme mmoja wa Rwanda aliyekwisha kufa zaidi ya karne moja kabla, na ambaye alikuwa bado hajazikwa. Mwili wake ulikuwa Gaseke, katika nchi ya vilima iliyo kaskazini ya mji huu, ambayo leo imo katika Wilaya ya Gicumbi. Jina lake Cyirima Rujugira. Wafalme saba walimfuata katika kiti, kuanzia Kigeri Ndabarasa hadi Yuhi Musinga, na wote saba walitawala huku mwili wa babu yao ukiwa juu ya ardhi, umekauka, na wenye kuulinda wapo.

Tumeanza na habari hii kwa sababu ya swali ambalo wanafunzi hutuuliza kila tunaposoma nao habari za Misri ya kale. Wakisikia jinsi Mafirauni walivyokaushwa na kufungwa vitambaa, huuliza: Je, na huku kwetu walikuwako mumia? Wengi wetu hujibu upesi kwamba hapana, hayo ni mambo ya Misri. Jibu hilo si sahihi. Lakini kusema ndiyo, bila ya maelezo, nako kuna hatari yake.

Hatari ya kwanza imo katika neno lenyewe. Mumia limetoka katika Kiajemi, likapitia Kiarabu. Asili yake ni jina la kitu cheusi chenye kunata, mfano wa lami, kilichotumiwa kuwa dawa. Watu walipoona maiti za Misri zimegeuka rangi nyeusi, walidhani zimepakwa kitu hicho, basi jina la dawa likawa jina la maiti. Ulaya ilikwenda mbali zaidi: kwa karne kadhaa wauza dawa wa huko walisaga maiti za Misri wakaziuza kwa wagonjwa. Na Kiswahili hakikukosa fungu lake, kwani neno hilohilo ndilo lililotupatia mumiani. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inalieleza kuwa ni dawa ya rangi nyeusi, ya kutibu mifupa iliyovunjika na maradhi mengine, kisha inaongeza kwamba watu wengi waliamini kuwa ni damu ya binadamu aliyeuawa, iliyogandishwa. Kutokana na imani hiyo likapatikana lile jina la kuogofya la watu wanaonyemelea wenzao usiku ili kuwanyonya damu. Ndugu walimu, mtoto wa Nyamirambo au wa Tanga akisikia neno mumia, ni kivuli cha mumiani kinachompitia akilini, wala si heshima ya mfalme.

Kinyarwanda, kwa upande wake, kina neno lililotengwa. Mwili wa mfalme hauitwi maiti, huitwa umugogo. Mfalme hasemwi kwamba amekufa. Husemwa yatanze, kwa kitenzi kinachoandikwa sawasawa na kile cha kutoa. Hazikwi kama watu wengine. Kitenzi chake ni gutabariza, ambacho ni jamaa ya gutabara, yaani kwenda vitani au kwenda kumwokoa mtu. Na mahali anapolazwa panaitwa umusezero. Ni msamiati mzima uliowekwa kando kwa ajili ya mtu mmoja, na mtu mwenyewe akiwa hawezi tena kuusikia.

Sasa tutazame namna ya kazi. Wamisri walikuwa na jangwa, jua kali, na ile chumvi ya asili iitwayo natroni, ambayo ni jamaa ya magadi tunayoyajua kutoka katika maziwa ya Bonde la Ufa. Walitoa matumbo, wakaufunika mwili kwa chumvi hiyo siku zipatazo 40 mpaka maji yote yakanyonywa, na kazi yote kwa jumla ilichukua siku 70. Rwanda haina jangwa. Ni nchi ya ukungu na mvua za misimu miwili, ambamo kitu kibichi hakichelewi kuoza. Hapa kazi ya chumvi ilifanywa na moto: mwili uliwekwa nyumbani juu ya moto wa polepole mpaka ukakauka kabisa. Moto hutoa maji, na moshi una vitu vinavyozuia vijidudu vya uozo. Kila mama anayekausha samaki au nyama juu ya jiko anaijua kanuni hii, ingawa hatuitaji kwa kumlinganisha mfalme na kitoweo. Burundi nao waliwakausha wafalme wao kwa moto. Tofauti kubwa na Misri ni hii: mumia wa Firauni akishafungiwa kaburini hahitaji mtu tena, lakini mwili uliokaushwa kwa moto katika nchi yenye unyevu unahitaji watu daima. Kwa hiyo Rujugira hakuhifadhiwa na dawa, alihifadhiwa na utumishi wa watu, kizazi baada ya kizazi.

Watu hao waliongozwa na ubwiru, yaani kanuni za siri za ufalme, zilizowekwa vichwani mwa wataalamu walioitwa abiru. Kanuni hizo zilikuwa zimegawanywa katika sehemu ziitwazo inzira, maana yake njia, na mojawapo, Inzira ya Gicurasi, ilihusu msiba wa mfalme. Mfalme Mutara Rudahigwa alimruhusu Padre Alexis Kagame aziandike, na mwaka 1964 njia 17 zilichapishwa kitabuni na Marcel d'Hertefelt na André Coupez. Ubwiru ndio uliopanga mzunguko wa majina ya kifalme: Mutara au Cyirima, kisha Kigeri, kisha Mibambwe, kisha Yuhi, halafu mwanzo tena. Cyirima na Mutara ni wafalme wa ng'ombe, Kigeri na Mibambwe ni wa vita, Yuhi ni wa moto. Mwili wa Rujugira ulifungamanishwa na mzunguko huo. Kwa maneno mengine, mfalme yule hakuwa kumbukumbu ya wakati uliopita. Alikuwa kama mshale wa saa, na nchi ilisoma wakati kwa kumtazama.

Saa hiyo ilisimamishwa na mkono wa nje. Mwaka 1925 Wabelgiji walimhamishia Burundi kwa nguvu Gashamura, mkuu wa abiru, na sherehe ya umuganura, yaani ya malimbuko ya mavuno, ikapigwa marufuku. Novemba 1931 Musinga aliondolewa katika kiti na mwanawe Rudahigwa akawekwa mahali pake. Ni katika siku hizo, mwanzoni mwa miaka ya 1930, ndipo Rujugira alipotiwa kaburini.

Hakukaa humo hata miaka 40. Mwaka 1969 mwanaakiolojia wa Kibelgiji, Francis Van Noten, wa jumba la makumbusho la Tervuren, alilifukua kaburi lile, na matokeo ya kazi yake yalitoka kitabuni mwaka 1972. Karibu na kichwa cha mfalme zilikuwapo nyundo mbili za chuma. Kwa anayejua mapokeo ya Rwanda, nyundo hizo zinasema mengi, kwani mwanzilishi wa ufalme, Gihanga, anatajwa kuwa bwana wa ufundi mbalimbali, uhunzi ukiwamo, na nyundo ni alama ya mamlaka katika nchi nyingi za eneo hili la maziwa makuu. Mapokeo yalikuwa yamesema kwamba mfalme aliyekaushwa yupo Gaseke, na jembe la mtaalamu likamkuta. Hili si jambo dogo. Ulikuwa wakati ambapo wasomi wengi walizipuuza habari zisizoandikwa, na hapa palikuwa na habari iliyopokezanwa kwa kinywa, ikathibitika kwa chuma na mfupa.

Lakini kaburi halikuweza kujibu kila swali. Rujugira alitawala lini? Kagame alihesabu vizazi akapata 1675 hadi 1708. Jan Vansina, katika kitabu chake cha mwisho juu ya Rwanda ya kale, ameweka 1770 hadi 1786. Kati ya hesabu hizo mbili kuna pengo linaloweza kummeza mtu na mwanawe, na si ugomvi wa wazee wawili tu, maana tarehe zote za ufalme kabla ya karne ya 19 zinaning'inia hapo. Msomaji atauliza kwa nini wasipime mfupa. Kipimo cha kaboni, ambacho ni hodari sana kwa vitu vya miaka elfu mbili au elfu kumi, ni dhaifu kwa karne tatu hizi za mwisho: kiasi cha kaboni hiyo angani kilipanda na kushuka katika kipindi hicho, hata kitu cha 1700 na kitu cha 1780 huweza kutoa jibu moja. Hapo sayansi inarudi kukaa mkekani pamoja na wasimulizi.

Kuna jambo jingine ambalo hatuwezi kulipita. Kazi ya Van Noten ilihusu makaburi mawili. La pili lilikuwa la Nyirayuhi Kanjogera, mama mfalme wa Musinga, aliyefariki mwaka 1933. Tangu kifo chake hadi 1969 ni miaka 36 tu. Mtu aliyekuwa kijana wa miaka 20 siku ya msiba wake alikuwa na umri wa miaka 56, hajawa hata kikongwe. Je, mtu huwa akiolojia lini? Ramses wa Pili alikuwa na zaidi ya miaka 3,000 kaburini alipoguswa; Kanjogera alikuwa bado anakumbukwa kwa sauti na kwa sura. Ufalme ulikwisha kuondolewa tangu 1961, abiru hawakuwa na cheo tena, na wale ambao kwa desturi wangekuwa na neno la mwisho juu ya umugogo hawakuwa na neno lolote kisheria. Hatumlaumu mchimbaji, bila yake tungekuwa na hadithi bila nyundo. Lakini tunaona kwamba mlango ulifunguliwa wakati bawabu ameondolewa.

Misri yenyewe imepitia shule hiyohiyo, kwa muda mrefu zaidi. Mwaka 1881 lilijulikana shimo la Deir el-Bahari, ambamo makuhani wa kale walikuwa wamewaficha wafalme wengi ili kuwaepusha na wezi. Mwaka 1886 Gaston Maspero alimfungua Ramses wa Pili vitambaa vyake mbele ya mtawala wa Misri na wageni waalikwa, kwa dakika chache tu, kama mtu anayefungua bahasha. Alichokikata hakikuweza kufungwa tena. Miaka 90 baadaye, mwaka 1976, mfalme huyohuyo alipelekwa Paris kwa ndege kwa kuwa kuvu ilikuwa inamla. Akapokewa kwa heshima za kijeshi, akatibiwa kwa mionzi ya kobalti, akarudishwa Cairo mwaka 1977. Uchunguzi wa safari ile ulikuta puani mwake punje za pilipili manga, zao la Bara Hindi, ushahidi kwamba biashara ya bahari yetu ni ya kale kuliko bandari zote tunazozifundisha. Siku hizi hakuna haja ya kisu. Mwaka 2005 Tutankhamun alipigwa picha za vipande kwa vipande kwa mashine ya kompyuta, njia inayowezesha kuona ndani ya mumia bila kuugusa uzi. Amenhotep wa Kwanza, ambaye vitambaa vyake havikufunguliwa kamwe katika nyakati za sasa, alisomwa hivyo, na matokeo yakatangazwa mwaka 2021. Mwaka huohuo, tarehe 3 Aprili, wafalme 18 na malkia wanne walipitishwa katika mitaa ya Cairo kwenda katika jumba jipya la makumbusho la Fustat, kila mmoja ndani ya kasha la gesi ya nitrojeni, kwa msafara wa kifalme.

Yapo mafunzo ya karibu zaidi kuliko Cairo. Masalia ya Kibuuka, mungu wa vita wa Buganda, yaliyokuwa Cambridge, yalirudishwa Uganda mwaka 1962. Fuvu linalosemwa kuwa la Mtwa Mkwawa lilirudishwa Kalenga mwaka 1954, baada ya kuchaguliwa kwa vipimo miongoni mwa mafuvu mengi yaliyokuwa Bremen. Na mwaka 2023 wataalamu wa Berlin walitangaza matokeo ya kuchunguza mafuvu 1,135 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki wakati wa ukoloni wa Kijerumani: 202 yalikuwa ya Tanzania, 22 ya Kenya, na ya Rwanda yalikuwa 904. Baadaye mwaka uleule, kwa njia ya vinasaba, walipatikana Tanzania watu walio hai ambao ni jamaa wa baadhi ya wenye mafuvu hayo.

Mafuvu 904 ya Rwanda yana vipimo na maandishi ya wino kwenye mfupa, lakini karibu yote hayana jina. Rujugira ana jina, na ana hata mzunguko wa majina unaomtangulia na kumfuata, lakini miaka yake inagombaniwa. Wanafunzi wetu wakituuliza tena kama wafalme wa Rwanda walikuwa mumia, tunaandika ubaoni umugogo, kisha gutabariza, na tunaanza somo hapo.