Nyumba Moja, Alama za Wengi: Historia ya Hekalu la Belur

Katika kumbukumbu ya hekalu hawaji waumini peke yao. Majirani nao huja, Waislamu na Wakristo, na baadhi yao huuliza swali la haki: je, mtu aweza kuiheshimu dini ya mwenziwe bila kuipunguza yake? Hapa Sanje, kati ya mashamba ya miwa na milima ya Udzungwa, wanaishi watu waliofuata kazi kutoka mikoa mingi, kila mmoja na desturi zake za kusali na kuzika. Kwa hiyo swali hilo ni letu sote. Jibu lake mojawapo lilijengwa kwa mawe mbali na bonde letu, kwenye ukingo wa magharibi wa mto Hooghly, karibu na jiji la Kolkata, India. Ndilo hekalu la Belur.

Asili ya hekalu hilo ni maisha ya mtu mmoja. Sri Ramakrishna alizaliwa mwaka 1836 huko Bengal katika familia maskini ya Kibrahmani, akawa kuhani wa Mama Kali katika hekalu la Dakshineswar, ng'ambo ya mto huohuo. Elimu yake ya vitabu ilikuwa ndogo. Alitaka kujua kwa kutenda. Mnamo mwaka 1866 aliongozwa na mfuasi wa Usufi, akasali kama Waislamu wasalivyo. Mwaka 1874 alizama katika tafakuri juu ya Yesu. Alirudi na ushuhuda uleule: njia ni nyingi, bali aendewaye ni Mmoja. Alifariki mwaka 1886.

Mwanafunzi wake mkuu, Swami Vivekananda, ndiye aliyehutubia Bunge la Dini la Chicago mwaka 1893. Katika safari zake ndani ya India na ng'ambo alitazama kwa makini mahekalu, makaburi ya wafalme wa Kimughali na makanisa ya Ulaya. Ardhi ya Belur ilinunuliwa mwaka 1898, na tarehe 9 Desemba mwaka huo alikipeleka huko chombo chenye masalia ya mwalimu wake, amekibeba begani. Alitamani kuyajengea masalia hayo nyumba ambayo ingesema kwa mawe yale mwalimu aliyoyasema kwa kinywa. Kazi ya kuchora ramani alimpa mtawa mwenzake, Swami Vijnanananda, aliyekuwa mhandisi wa serikali kabla ya kuingia utawani. Ramani ilichorwa, lakini fedha hazikuwapo. Tarehe 4 Julai 1902 Vivekananda alifariki akiwa na umri wa miaka 39, ukuta wa hekalu ukiwa haujaanza.

Miaka zaidi ya 30 ikapita. Ujenzi ulianza mwaka 1935, na sehemu kubwa ya gharama ilitolewa na wafuasi wa kike kutoka Marekani. Tarehe 14 Januari 1938, siku ya Makar Sankranti, Vijnanananda, sasa mzee na kiongozi mkuu wa watawa, aliliweka hekalu wakfu. Tarehe 25 Aprili mwaka huohuo naye akafariki. Alikuwa amelimaliza deni la rafiki yake.

Hekalu hilo lina kimo cha futi zaidi ya 112. Uso wake wa mbele wafuata sanaa ya Wabudha, na juu ya lango umeinuka mnara ukumbushao malango ya mahekalu ya India ya Kusini. Madirisha na roshani zina sura ya majumba ya Rajasthan na ya Wamughali. Kuba kubwa imefuata mfano wa makuba ya Ulaya, na msingi wa jengo zima umepangwa kwa umbo la msalaba.

Wako waonao kwamba kuchanganya namna hii ni kuipoteza imani, kwamba mwenye kushika vyote hashiki kitu. Hoja hiyo ina uzito. Lakini mwenye kuingia ndani ya Belur hakuti ibada ya mchanganyiko. Anakuta sanamu moja ya marumaru ya Sri Ramakrishna, kazi ya mchongaji Gopeswar Pal, imeketi juu ya ua la yungiyungi, na ibada ya Kihindu yenye utaratibu wake. Kitovu ni kimoja. Alama za wengine zimewekwa katika kuta, madirisha na kuba, pale ambapo mgeni huzitambua kabla hajavuka kizingiti, akajua kwamba wenyeji walimkumbuka walipokuwa wakijenga.

Wala jambo hili si geni Afrika Mashariki. Atazamaye milango ya kale ya Unguja ataona yungiyungi na nakshi za mafundi wa Kihindi chini ya aya za Kurani, katika nyumba za Waislamu. Hakuna aliyesema kwamba mlango huo ulimtoa mwenye nyumba katika dini yake.

Hata hivyo, jiwe halimtembelei mgonjwa wala haliendi mazishini. Hayo ni ya watu. Kwa hiyo, ndugu majirani, mnapokuja kwenye sherehe hii, vueni viatu, ingieni, na ulizeni maana ya kila mnachokiona. Nasi waumini tujiandae kuwajibu vizuri, na siku mtakapotualika katika Idi au Krismasi, tuje nasi tukiwa na maswali yetu.