Kodi ya Nyumba

Wenzangu wenye uwezo huenda likizo Ulaya, wakakodi fleti ya siku nne Lisbon au Roma, kisha wakatutumia picha za roshani na kikombe cha kahawa. Pesa zangu zilifika Kitale. Desemba shule zilipofungwa nilipanda matatu Bungoma pamoja na Senge, dada mkubwa wa baba yangu, tukapitia Kimilili hadi Kamukuywa na kuingia barabara kuu ya Kitale. Nilikuwa nimelipia nyumba siku nne kwa M-Pesa. Senge amepita miaka 80. Alizaliwa Kitale, katika kichumba cha nyuma ya nyumba ya Mzungu ambako Kuka, baba yake, alikuwa mpishi, na tangu wahame hajawahi kulala tena katika mji huo. Nilitaka alale.

Mwenye nyumba aliandika: karibuni sana, tuma picha ya kitambulisho, mbele na nyuma, ndipo nikupe namba za kufungulia kisanduku cha ufunguo. Nikaanza kupiga picha kitambulisho changu juu ya goti, matatu ikiruka matuta. Senge akauliza nafanya nini. Nikamweleza.

"Kumbe kipande bado kinaombwa," akasema, akageukia dirisha.

Kipande anakijua. Sheria yake ilitungwa 1915 na ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia: kila mwanamume Mwafrika aliyefikisha miaka 16 alitakiwa kubeba karatasi yenye alama za vidole vyake na maelezo ya waajiri wake, akiitia katika kikopo cha chuma na kuivaa shingoni. Bila hiyo hukutoka kwenu kwenda kutafuta kazi. Iliondolewa 1947, lakini kikopo cha Kuka kilibaki nyumbani miaka mingi. Alikuwa akiwekea ugoro.

Jambo moja kuhusu safari hiyo huwasumbua wanafunzi wangu. Jina Trans Nzoia maana yake ni ng'ambo ya mto Nzoia. Sasa sisi tumetoka Bungoma hadi Kitale na hatukuvuka Nzoia hata mara moja. Tuko upande uleule. Ng'ambo ya nani? Ya mtu aliyetoka Eldoret, akavuka pale palipoitwa Hoey's Bridge, leo Moi's Bridge. Jina lote la kaunti limesimama ukingo ule mwingine na kutuangalia kwa mbali. Reli nayo hivyohivyo. Tawi la Kitale, lililofika 1926, lilichomoka Leseru karibu na Eldoret. Mtu wa Bungoma aliyetaka kwenda Kitale kwa gari moshi ilimbidi kwanza apande kuelekea mashariki hadi huko Leseru, ndipo arudishwe kaskazini-magharibi. Kuka alitembea kwa miguu. Mahindi ya walowezi ndiyo yaliyopanda treni.

Nyumba ilikuwa ya zamani kweli: kuta nene, sakafu ya mbao, mahali pa kuotea moto na dohani yake. Kitale iko juu, karibu mita 1,900, na usiku baridi haina mchezo. Ndani wameweka kochi jipya la kijivu, televisheni pana, na karatasi kwenye friji yenye neno la siri la waifai na masharti: msivute sigara, msipige kelele baada ya saa nne, wageni ambao hawajalipiwa hawalali. Nilifungua mlango wa mbele nikajisemea, leo Senge ataingia kama bibi harusi. Kugeuka, hayupo. Nikasikia hodi jikoni. Alikuwa amezunguka nyumba nzima na mfuko wake wa ndizi kichwani, amesimama mlango wa nyuma.

"Ule wa mbele sikuwahi kuujua," akasema.

Haikuwa nyumba ile, niseme mapema. Ile tuliitafuta kesho yake hatukuipata. Mahali alipodhani ilikuwa pamesimama ghorofa. Lakini zilijengwa kwa ramani zinazofanana, na Senge alitembea humu jikoni bila kuuliza kitu: kuni zilikaa hapa, sinki hapo, kengele ya kumwita Kuka pale juu ya mlango. Palikuwa na tundu mbili za misumari.

Usiku alinisimulia habari ambayo sikuwahi kuisikia. Kila baada ya miaka kadhaa, wenye nyumba walienda likizo kwao Ulaya, miezi mingi, kwa meli kutoka Mombasa. Vyumba vyote vilifungwa. Kuka aliachiwa ufunguo mmoja tu, wa jikoni, na mshahara nusu. Kila asubuhi alifagia veranda ambayo hakuna aliyeikanyaga, na watoto walikatazwa kuipanda. Mtu akija kuuliza, jibu lilikuwa moja: wameenda Ulaya.

"Ulaya nilidhani ni chumba," Senge akasema. "Nilidhani wako humo ndani, wamejifungia."

Nimefundisha miaka mingi kwamba Wazungu walimiliki hizi nyanda za juu. Tukizingatia karatasi, wengi wao walikuwa wapangaji kama mimi. Sheria ya ardhi ya 1915 ilirefusha muda wa kukodisha mashamba kutoka miaka 99 hadi 999. Askari aliyepewa shamba Trans Nzoia baada ya vita, kwa mpango wa 1919 ambao baadhi ya mashamba yaligawanywa kwa bahati nasibu, akianza kulikalia 1920 basi uzao wake ungelirudisha mwaka 2919. Mwenye mali, kwa maandishi, alikuwa Mfalme wa Uingereza. Kwa hiyo yule Mzungu alikuwa mpangaji mwenye karne tisa na ushei mbele yake. Chini yake alikuwepo skwota, mpangaji wa kupanga kwa jasho: sheria ya 1918 ilimtaka afanye kazi siku 180 kwa mwaka ili akae na ng'ombe wake, na ile ya 1937 ikawapa walowezi uwezo wa kuongeza siku na kupunguza ng'ombe. Mwenye kazi ya nyumbani kama Kuka alikuwa chini zaidi, maana kichumba chake kilikwisha siku kazi ilipokwisha.

Na wakati huohuo alilipa kodi ya nyumba. Hapa Kiswahili kinacheka. Serikali ilitoza kodi kwa kila kibanda tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na neno ni hilohilo tunalomlipia mwenye ploti. Kuka alilipa kodi ya nyumba kwa kibanda alichokijenga mwenyewe Kimilili, kwenye ardhi ya babu zake. Mtu aulize: mpangaji wa nani?

Elijah Masinde aliuliza, kwa sauti. Mwaka 1948 polisi walifyatulia watu risasi Malakisi, watu wakafa, na Dini ya Msambwa ikapigwa marufuku. Senge anakumbuka mama yake akiwaambia watoto wasiimbe Kibukusu uani.

Uhuru ulipokaribia, ubaguzi wa kisheria katika ardhi hizo ukaondolewa, 1960, na baadaye mashamba yakaanza kuuzwa. Waliokuwa na pesa au ushirika walinunua. Mpishi hakuwa na hisa popote. Kuka alirudi Kimilili na sufuria mbili na kile kikopo. Mimi hili linaniuma kuliko Senge. Katiba ya 2010, kifungu cha 65, ilipunguza ile miaka 999 ya wasio raia ikawa isiyozidi 99. Niliposoma hivyo mara ya kwanza nilifurahi, kisha nikakumbuka kwamba haikuandika chochote kuhusu wapishi.

Siku ya tatu msimamizi alitupitisha uani. Kile kichumba cha nyuma, SQ, kimepakwa rangi nyeupe, kina kitanda kimoja na bafu. Nacho hukodishwa kwa usiku, akasema, wageni wanakipenda kwa sababu ni rahisi. Senge aliingia, akanyoosha mikono kupima kuta.

"Tulikaa watu saba," akamwambia. "Wewe unachukua ngapi?"

Alitaja bei. Senge akaguna, akatoka.

Tuliondoka kabla ya saa nne kama karatasi ilivyoagiza. Nilifunga mlango wa mbele, nikampa Senge ufunguo autie kisandukuni wakati nikibeba mizigo. Tukiwa Kiminini simu ikalia: ufunguo hauko. Nikamtazama. Alifungua fundo la leso taratibu, ukatoka.

"Mwambie tumeenda Ulaya," akasema.

Abiria wakacheka bila kujua wanacheka nini. Nilishuka, nikamtafuta mtu wa bodaboda, nikampa ufunguo na nauli ya kwenda Kitale, huku dereva akinipigia honi.