Bunduki ya marisawa ya mashoto

Bunduki ya marisawa ya mashoto ni bunduki iliyoundwa kwa mtu anayelenga kwa bega la kushoto. Chimbuko la bunduki za marisawa za nusu-otomatiki ni Auto-5 ya Mmarekani John Browning, iliyoanza kutengenezwa na kiwanda cha FN, Herstal, Ubelgiji, mwanzoni mwa karne ya 20.

Auto-5 hutupa ganda upande wa kulia, na nyingi zilizofuata ziliiga. Mashoto akiitumia, ganda hupita mbele ya uso wake. Benelli ya Italia hutengeneza M2 na Montefeltro zenye tundu la kutolea maganda kushoto. Kitufe cha usalama nacho hugeuzwa, na kitako hupindishwa kidogo kuelekea kushoto ili jicho likae sawa na mtutu. Jicho lenye nguvu ndilo la kupimwa kwanza, kabla ya mkono: wapo waandikao kwa kushoto lakini hulenga vizuri kwa kulia.

Mjini Bunia, kama kwingineko katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kumiliki silaha, iwe ya mashoto au la, kunahitaji kibali chini ya amri-sheria namba 85-035 ya 1985.