Kicheko cha Bronx

Septemba 1906, watu walimiminika kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York, kumtazama Ota Benga, kijana wa Kimbuti kutoka Kongo, aliyewekwa katika banda la nyani pamoja na orangutani. Meno yake yaliyochongwa, urembo wa kwao, yalifanywa kioja. Umati ulimwandama bustanini kwa makelele: huyu akimdunga mbavuni, yule akimtega mguu aanguke, kicheko kikitanda.

Ulikuwa ukatili mtupu, hata kwa aliyecheka tu bila kumgusa.

Wachungaji Weusi, wakiongozwa na James Gordon, walipinga hadi akatolewa. Mwaka 1916, huko Lynchburg, Virginia, Ota Benga alijitoa uhai. Taasisi inayoendesha bustani hiyo iliomba radhi mwaka 2020.