Toka OQ5 mpaka FM

Kabla ya simu za mkononi, habari za jamaa zilipita kwenye fonii. Wakati wa Wabelgiji, wapenzi wa redio wa hapa Élisabethville waliitana kwa alama zilizoanza na OQ5. Baada ya uhuru wa 1960 zikawa 9Q5. Mwenye bendi moja alihangaika: 14 MHz hufika mbali mchana, usiku mara nyingi hunyamaza, na 7 MHz ndipo huamka. Ndiyo maana mitambo iliongezewa bendi.

Redio Okapi ilianza tarehe 25 Februari 2002, ikatumia FM mijini na mawimbi mafupi kwa mbali. FM ni safi, lakini milima huizuia. Aliyekimbilia porini na redio yake ya betri, mawimbi mafupi ndiyo yalimfikia.