Filamu ya "La Noire de..." na Walioitengeneza

Mwaka 1934 Waziri wa Makoloni wa Ufaransa, Pierre Laval, alitoa amri kwamba asipige mtu picha za senema katika makoloni ya Afrika pasi na idhini ya serikali, na kwamba mswada wake na watu wake wakaguliwe kwanza. Amri hiyo haikumtaja Mwafrika, lakini taathira yake ilikuwa kwamba Mwafrika akipigwa picha na wengine, mwenyewe asishike kamera. Ndiyo sababu mtengenezaji filamu Mwafrika Paulin Vieyra na wenzake, walipotaka kutoa filamu yao mwaka 1955, waliitengenezea mjini Paris, juu ya Waafrika waliokuwa wakiishi huko.

Ousmane Sembène, aliyekuja kuitengeneza "La Noire de...", alizaliwa mwaka 1923 katika mji wa Ziguinchor, kusini mwa Senegal, akiwa mwana wa mvuvi. Alipigana vita vikuu vya pili katika jeshi la Ufaransa, kisha akawa kuli katika bandari ya Marseille, akabeba shehena mgongoni mpaka mgongo ukaumia, na katika maktaba ya chama cha wafanyakazi akajielimisha mwenyewe kwa kusoma. Riwaya yake ya kwanza, juu ya kuli mweusi wa bandarini, ilitoka mwaka 1956. Lakini alitambua kwamba wale aliowaandikia aghalabu hawakujua kusoma, na madhali azma yake ilikuwa kuwafikia hao kabla ya wengine wote, alikwenda Moscow mwaka 1962, akiwa mtu wa makamo, kujifunza senema kwa mwongozaji filamu Mark Donskoy.

Kisa cha "La Noire de..." alikuwa amekwisha kukiandika katika hadithi fupi, kutokana na habari ya gazeti juu ya mtumishi Mwafrika aliyejiua kusini mwa Ufaransa. Idara ya senema ya Wizara ya Ushirikiano ya Ufaransa, iliyokuwa ikiwasaidia watengenezaji filamu wa Afrika, iliukataa mswada wake. Wala sishangai, kwani picha ya nyumba ya Kifaransa alimotumika mtumishi huyo haikuwa ya kuwafurahisha wenye kutoa fedha. Sembène hakurudi nyuma. Alishirikiana na mtengenezaji filamu Mfaransa André Zwobada, na kwa mkono wa mpiga picha Christian Lacoste ikatoka, mwaka 1966, filamu ya rangi nyeusi na nyeupe, ya muda wa takriban saa moja.

Aliyechaguliwa kuwa Diouana, yaya anayechukuliwa na bibi na bwana wa Kifaransa kutoka Dakar hadi Antibes, ni Mbissine Thérèse Diop, fundi cherehani ambaye hakuwa mwigizaji wa kazi. Sauti tunayoisikia si yake, bali ya Toto Bissainthe, mwimbaji wa Haiti, iliyotiwa studioni baadaye. Wako waliolaumu kwamba msichana asiyejua kusoma huwaza kwa Kifaransa fasaha namna ile. Mimi naona kwamba kasoro hiyo iligeuka fadhila, kwa maana mbele ya mabwana zake Diouana hasemi zaidi ya kuitikia, ilhali moyoni anazungumza bila kikomo, na mtazamaji hupata kusikia yale ambayo wenye nyumba hawakuwahi kuyauliza.

Mtazame akipiga deki chumbani amevaa gauni zuri na viatu vya mchuchumio, na bibi akimwamuru avivue. Mtazame mgeni wa chakula cha mchana akiinuka kumbusu bila ruhusa, eti hajapata kumbusu mwanamke mweusi. Kuna pia kinyago alichowapa kwa hiari siku alipopata kazi, nao wakakitundika ukutani, peke yake juu ya weupe. Siku aliyokata tamaa anakishusha, bibi anakishika, wanavutana, na Diouana hakiachi. Baada ya kujitoa roho katika hodhi la kuogea, bwana anarejesha Dakar sanduku, kinyago na mshahara. Mama wa marehemu anazikataa fedha, na mtoto mdogo anajivika kinyago na kumfuata bwana yule kwa nyuma, mpaka bwana anakimbilia gari lake.

Filamu ilipata tuzo ya Jean Vigo nchini Ufaransa, na Tanit ya dhahabu katika tamasha la kwanza la Carthage, Tunisia, mwaka ule ule wa 1966. Miaka miwili baadaye Sembène alitoa "Mandabi", na safari hii wahusika wake walisema Kiwolof kwa vinywa vyao wenyewe. Alifariki Dakar mwezi Juni 2007, na mwaka 2015 "La Noire de..." ikatolewa upya baada ya kukarabatiwa. Basi msomaji mwenye binti au dada anayefikiria kwenda utumishi ng'ambo, na katika pwani yetu waendao Uarabuni kwa kazi hiyo si haba, na aitafute filamu hii waitazame pamoja kabla ya tikiti kukatwa.