Mtoto na silaha nyumbani: Marekani wamejifunza nini kwa miaka 35

1.
Mama zangu, na akina baba mnaosomaga hapa kimya kimya, karibuni. Mafuta ya taa tumeshaongea, maji ya moto tumeshaongea. Leo ni silaha, na nitaanza na historia kidogo.

Najua kuna atakayesema, "Nesi, kwangu hakuna bunduki." Sawa. Kwa babu kijijini hakuna gobore la kulindia shamba? Jirani si askari? Mjomba hana bastola ya leseni? Dada yako haishi Texas, na watoto likizo wanaenda kwake? Basi soma mpaka mwisho.

Nimechagua Marekani kwa sababu huko bunduki majumbani ni nyingi sana, na wamepima kwa miaka mingi kipi kinamwokoa mtoto na kipi kinatupa moyo tu sisi wazazi. Tangu 2020, huko risasi ndiyo inayoongoza kuua watoto na vijana wa mwaka 1 hadi 19. Imepita hata ajali za magari.

2.
Mwaka 1988, Marion Hammer wa Florida, mwanamke aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa kike wa NRA, chama kikubwa cha wenye bunduki, alianzisha somo la watoto wadogo. Mwalimu wake ni katuni ya tai anayeitwa Eddie Eagle. Ukiona bunduki: simama, usiguse, ondoka hapo, mwambie mtu mzima. Maneno manne tu, hata wa chekechea anayashika.

Mwaka uliofuata, 1989, Florida hiyo hiyo ikapitisha sheria ya kwanza ya aina yake Marekani, baada ya watoto kadhaa kupigwa risasi kwa kuchezea silaha za nyumbani. Sheria ilimgeukia mkubwa: ukiacha bunduki yenye risasi mahali ambapo mtoto anaweza kuifikia, unawajibika wewe.

Ona njia mbili hizo. Moja inasema mfundishe mtoto. Nyingine inasema mbane mtu mzima. Sasa tuone ipi ilifanya kazi.

3.
Mwaka 2001 madaktari wa Atlanta walichapisha utafiti ambao kila mama angeujua. Kwa ruhusa ya wazazi, walichukua wavulana 64 wa miaka 8 hadi 12, wakawagawa vikundi 29, wakawaacha chumbani wacheze. Kwenye droo waliweka bastola mbili za maji, na bastola moja ya kweli isiyo na risasi. Wao wakawa wanatazama kupitia kioo ambacho mtoto hajui kuna mtu nyuma yake.

Vikundi 21 viliikuta ile ya kweli. Katika vikundi 16 waliishika. Katika vikundi 10 kulikuwa na mtoto aliyevuta kile kidude cha kufyatulia. Na jamani, haikuchukua siku nzima. Walipewa dakika 15 tu.

Mawili yalinigusa. Karibu nusu ya walioikuta hawakuwa na hakika kama ni ya kweli, au walidhani ni ya kuchezea. Yaani kama hizi tunazowanunulia Idi na Krismasi. La pili: zaidi ya 90% ya walioishika au kuifyatua walisema walishawahi kufundishwa usalama wa silaha. Hawakuwa watoto wasioambiwa. Waliambiwa.

4.
Kwa nini? Utafiti wa 2004 kwa watoto wa miaka 4 na 5 ulitoa jibu. Waliofundishwa kwa maneno waliweza kuyarudia vizuri kabisa. Walipokutana na bunduki wakiwa peke yao, hawakuyafanya. Waliofanyishwa mazoezi, yaani kuigiza kwa mwili, kurekebishwa na kurudia, walifanya vizuri zaidi kwenye maigizo.

Mwaka 2023, Ohio, watoto 226 wa miaka 8 hadi 12 walijaribiwa wiki moja baada ya kuangalia video ya dakika moja. Kati ya walioona video ya usalama wa silaha, walioigusa walikuwa karibu wanne kati ya kumi. Kati ya walioona video ya usalama wa gari, walikuwa karibu saba kati ya kumi. Kwa hiyo mafunzo yanasaidia, tusidanganyane. Lakini wanne kati ya kumi bado ni wengi. Kwa bunduki yenye risasi, mmoja tu anatosha kukuliza.

5.
Twende upande wa kufuli. Mwaka 1997 watafiti waliangalia majimbo 12 yenye sheria kama ile ya Florida. Vifo vya bahati mbaya vya risasi kwa watoto chini ya miaka 15 vilipungua kwa 23%. Mwaka 2005 utafiti mwingine ukataja mambo manne, na kila moja peke yake lilihusiana na hatari kupungua: silaha ifungiwe, isiwe na risasi ndani, risasi nazo zifungiwe, na zikae mbali na silaha.

Sisi wauguzi hili tunalijua kwenye dawa. Marekani haikungoja watoto wajifunze kutogusa vidonge. Mwaka 1970 ilitunga sheria ya vifuniko ambavyo mtoto hawezi kufungua, na vifo vya sumu vikapungua. Mtoto alibaki mdadisi vilevile. Kilichobadilika ni kifuniko.

6.
Kwa hiyo, mama, anza na mkubwa. Mwenye silaha kwenye ukoo aitoe risasi na kuifungia kwenye sefu au kabati la chuma, na funguo akae nazo. Juu ya kabati si maficho. Chini ya godoro si maficho. Mtoto wako anajua hata unapoficha biskuti.

Kabla hajaenda kulala kwa watu, uliza: "Samahani shemeji, kuna silaha hapo? Imefungiwa?" Utaona aibu dakika moja, basi.

Halafu ndiyo umfundishe mtoto, kwa vitendo. Weka bastola ya plastiki kwenye kiti, muigize: simama, usiguse, ondoka, niite. Rudia mwezi ujao. Akikuita, mpongeze, usimgombeze alikuwa anatafuta nini huko.

Na akikosea, usiseme "si nilikuambia?" Kuambiwa ni kwake, kufungia ni kwetu.

Mtumie na baba yake asome. Maswali niachieni hapa chini, nikitoka zamu nitajibu.